Nguo ya Batu Inakunywa Maji Yangu

Beni, tarehe 20 janvier 2003

Tantine Victoire mupendwa, nakuomba unisaidie, na nikisha kukuomba ninaomba tena usitaje jina yangu ku redio, sababu mimi ni mutu ya miaka makumi tano na mbili, fundi wa kushona hapa Mulekera, batu bananiitaga papa, na hii shida niko nayo hata mutoto ya maternelle ataicheka.

Niko na ugonjwa ya moyo. Mwaka jana miguu ilivimba mupaka viatu ikakataa kuingia, ngazi tatu ya kanisa nikawa ninaipanda kama mutu anapanda Ruwenzori, donc bibi yangu Kyakimwa akanipeleka ku hôpital, munganga akasikiliza kifua, akanipatia dawa, moja yake ni ile ya kukojoesha, akaniambia: “Papa, chumvi kidogo sana, na maji litre moja na nusu kila siku. Hapana kupitisha, hapana kupunguza. Ukipitisha utavimba, ukipunguza na hii dawa utaanguka.” Nikaitika vizuri sana, kuitika ninajua. Kyakimwa akatafuta chupa ya litre na nusu, kila asubui mbele ya kwenda kuuza unga ku soko ya Beu anaijaza maji ya kuchemsha, anaiweka pembeni ya mashini yangu ya kushona, na mangaribi akirudia anakuta chupa iko wazi, maji imeisha yote, anafurahi, ananiita “mugonjwa yangu mwenye akili”.

Sasa, Tantine, vita ikafika kule Mambasa, na mbele ya Noeli mama mukwe wangu, Mama Vagheni, akatutokea hapa, alitembea na miguu siku sita, na vikwembe mbili na sufuria moja, sisi wote tukalia, nyumba ni ya vyumba mbili mais tukajipanga, nani angekataa kumupokea. Shida iko hivi: choo yetu iko nyuma ya jiko, njia ya kufika kule ni moja tu, na Mama Vagheni anakaaga kando ya ile njia ku mukeka tangu asubui, anachagua maharagi, sababu mu lupango yote ya nyumba yetu ni pale tu kunakuwaga kivuli, na mimi kutoka baraza ninamuona vile ninaona sindano yangu. Unajua desturi yetu ya Banande, mukwe na mama ya bibi yake habaangaliane hivi hivi. Nikitokea, anapaswa kusimama, kujifunika kikwembe ku uso na kugeukia ukuta mupaka nipite. Na magoti yake ya ile safari, ninasikia vile inalia! Nikirudia, anasimama tena. Na ile dawa haina adabu. Siku ya kwanza nilipita mara saba mbele ya saa sita, mara ya saba sikujua niweke uso wapi, mutu muzima, nilitoa mbuzi zote za mahari, na leo mama ya bibi yangu anahesabu safari zangu za choo.

Donc nikaacha kunywa. Dawa ninameza, sababu Kyakimwa anahesabuga vidonge, mais maji ni nusu glasi ya asubui, basi. Na chupa? Unajua nguo lazima uinyunyizie maji mbele ya kupiga pasi ya makala, donc maji ya munganga yote ninainyunyizia uniforme ya batoto ya shule. Tangu mwezi moja, Mulekera yote hakuna nguo imenyooka kama yangu. Nguo ya batu inakunywa maji yangu, na mimi niko na midomo kama majani ya ndizi kavu, mukojo ni rangi ya chai, kichwa inazunguka kila nikisimama.

Wiki iliyopita, saa ine ya asubui, nilisimama kuchukua mukasi, nikaona baraza inageuka, nikaanguka. Wakati nilifungua macho kichwa yangu ilikuwa ku mapaja ya mutu. Tantine, ilikuwa Mama Vagheni. Alinishika na mikono mbili, uso ameigeuza kando, macho amefunga kabisa, na anaita majirani: “Mukuje! Mukwe wangu anakufa! Mukuje mbio, mimi siwezi kumuangalia!” Nikasema, “Mama, niko muzima.” Akaniweka chini polepole kama yai, akaenda. Kyakimwa nilimwambia ilikuwa joto.

Sasa sijui. Niende kwa ndugu yangu Mathe kule Butembo mupaka vita iishe, ao niombe mama apelekwe ku paroisse, kule kanisani, fasi bakimbizi bengine banalala? Kumufukuza siwezi, na kufa pia sipendi sana. Nifanye nini?

Fundi J., Mulekera

*

Fundi J., pole, papa.

Barua yako nimeisoma mara mbili mbele ya kuileta hapa ku redio. Mara ya kwanza nilicheka mupaka technicien akagonga kioo. Mara ya pili sikucheka. Nilikuwa infirmière ku hôpital miaka kumi na ine mbele ya kuja kusema-sema ku mikro, na bagonjwa ya moyo ninabajua: banafuata kila neno ya munganga, ila ile moja.

Uliomba nisitaje jina, na sikuitaja. Mais umeandika fundi, umeandika Mulekera, umeandika Kyakimwa anauza unga soko ya Beu, na ku ile soko redio iko kila meza mbili. Ulibakisha nini, papa, numero ya kiatu? Uko na kama saa moja mbele Kyakimwa afike nyumbani.

Nikugombeze kwanza. Munganga alikupatia vitu mbili zinatembea pamoja: dawa inaondosha maji mu mwili, chupa inarudisha. Wewe umeshika moja, ingine umepatia uniforme. Hapana joto ndiyo ilikuangusha. Mwili ilikauka, na ule moyo muchovu ukakosa ya kusukuma. Siku ingine utaangukia pasi ya moto.

Butembo? Mutu mwenye dawa ya kukojoesha, juu ya camion, na barrières zote za ile barabara? Utawaomba basoda bageuke ku ukuta? Na paroisse, usiitaje tena. Ile mama hakutembea siku sita juu ya kufika ku paroisse. Alikuwa anakuja kwa mutoto wake.

Mimi heshima ya bukwe sitaicheka. Siku moja nilimuona baba mukwe wangu ku njia, nikajitupa mu shamba ya mihogo na viatu mupya, mupaka leo moja iko kule. Sikuambii utupe desturi. Nakuambia uangalie Mama Vagheni. Aliona mukwe yuko chini, akashika kichwa yake, akafunga macho. Maisha yako na heshima yake, alizichunga zote mara moja, na hakuuliza mutu. Wewe tangu mwezi moja unachunga heshima peke, na ulikaribia kumuachia maiti ya kuchunga.

Sasa fanya hivi. Kunywa glasi moja, polepole, saa hii ninasema. Usimalize chupa yote kwa kujisamehesha, moyo yako haitakushukuru. Glasi ndogo-ndogo, asubui mupaka mangaribi, mupaka kipimo ya munganga. Chai, supu na uji ziko ndani ya ile kipimo. Kasiksi, ile pombe ya ndizi, hapana, hata uniapie. Kesho asubui rudia ku hôpital, umwambie munganga ukweli yote, hata ya pasi. Yeye ndiye atasema dawa ibakie vile ao ibadilike, na saa gani uimeze. Wewe mwenyewe usikate, usiongeze. Na miguu ikivimba tena, ao pumzi ikikukatika ukilala, usingoje siku ya pili.

Kiisha utafute miti ine na bâche ya kufunika juu, ufanye kivuli upande ingine ya lupango, mbali na njia ya choo, na mukeka ihamie kule. Bâche utashona wewe, si uko fundi? Mais maneno ya kuhama hapana yako, ni Kyakimwa atasema na mama yake. Kyakimwa umwambie yote. Atakasirika juu ya choo kidogo, juu ya chupa sana. Ukae kimya, upokee.

Na kuko kitu haukuandika, ninaona hata haukuiwaza. Kutoka baraza unamuona mama vile unaona sindano, ulisema mwenyewe. Unakaa pale na mashini tangu asubui mupaka mangaribi. Na yeye, mutu mukubwa, mwenye haya, anapitaga ku ile choo saa ngapi mbele ya macho ya mukwe wake? Kyakimwa amuulize leo, bao wawili tu, kwa sauti ya chini: Mama, tangu Noeli, muchana unakunywaga nini?