Tumbo Limefika, Mimi Bado

Jumapili, mwezi wa sita. Mawingu tangu asubuhi, kaubaridi ka Dar ambako wa bara wanakacheka, na mtaa wa chini umetulia kwa sababu maduka mengi yamefungwa. Sina huzuni, sina furaha. Nipo tu.

Jana asubuhi nilipima uzito. Kilo sitini na nane.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nauza maharage, choroko na karanga kwa jumla, Kariakoo. Nilianza kwa kutembeza soksi mkononi. Sikurithi hata ndoo. Mizani yangu ni ile ya kupimia magunia, na kila Jumamosi wapagazi wakishashusha mzigo, mimi napanda. Side, mkubwa wao, anapaza sauti mtaa mzima usikie: "Gunia la bosi leo limegonga ngapi?" Wanacheka. Nasoma namba, nashuka, tunaendelea na kazi.

Mwaka jana mwezi wa nne nilikuwa na sabini na mbili. Kufika mwezi wa sita, hamsini na saba.

Hapo katikati alifariki mke wangu, Aneth.

Sina la kuongeza. Watu huwa wananisubiri niongeze, wananitazama usoni, halafu wanaaga.

Baada ya arobaini mama mkwe alimchukua binti yetu, Glory, akaenda naye Moshi. Hakuomba ruhusa. Alisimama sebuleni na mkoba begani, akasema, "Baba Glory, wewe kwa sasa huwezi kumbeba huyu mtoto hata ngazi moja. Mwili wako ukirudi, tutaongea." Niliudhika, na mpaka leo nimeudhika. Mtoto ni wangu. Ada nalipa mimi, viatu nanunua mimi. Lakini siku ile nilikuwa nimeshikilia mgongo wa kochi ili miguu isiniangushe, na yeye aliuona mkono wangu.

Mimi ni mtu wa namba. Mtu akiniambia mwili urudi, nataka kujua urudi kilo ngapi. Hakutaja, kwa hiyo nikataja mwenyewe: sabini. Ikigonga sabini naenda Moshi, narudi na mwanangu.

Nikaanza gym. Ni ya uani kule mtaa wa Gerezani, nyuma ya karakana ya Chidi, fundi wa kuchomelea. Vyuma vyake ni gia za malori na vipande vya reli, hakuna kilichoandikwa uzito. Nilivumilia wiki moja. Ya pili nikavipakia kwenye mkokoteni, nikavipeleka dukani, nikavipima kimoja kimoja na kuvichora namba kwa rangi nyeupe. Jamaa mmoja aliyekuwa anatamba kwamba anabeba mia akakutwa anabeba sabini na nane. Hajarudi tena. Chidi aliniambia, "Bosi, watu walikuwa na furaha hapa kabla yako."

Na bia nikaongeza.

Hapa niandike ukweli, maana nisipouandika hapa sitauandika popote. Mtaani kila mtu anaamini bia inanenepesha, na nilipopiga hesabu niliona wana hoja. Chupa kubwa moja ni kama kalori mia mbili. Tatu kwa jioni, mia sita. Hiyo ni sahani ya wali na mboga yake. Nikitoka gym napitia grosari ya jirani, nakaa meza ya pembeni. Siku hizi mhudumu haniulizi tena kama nataka ya moto au ya baridi. Analeta tu.

Lakini sababu haikuwa hesabu. Sababu ni kwamba bia haitafunwi.

Chakula nikikiweka mdomoni kinakaa. Natafuna, natafuna, kinakuwa kama karatasi iliyoloa. Supu asubuhi nakunywa maji yake, nyama naacha. Chipsi naishia tano. Bia inateremka yenyewe, haikuulizi kama una njaa. Kwa hiyo nikajiambia najenga mwili, na kila Jumamosi mizani ikakubali.

Chidi ndiye aliyeshtuka mapema. "Bosi, wewe umelalia protini. Karanga zako, maharage yako, magunia mpaka darini. Halafu unajenga mwili kwa bia?"

"Namba zinapanda."

"Zinapanda wapi?" Akanichoma kidole tumboni, kikazama. "Mkono huu ni ule ule uliokuja nao."

Nilinyanyua gia ya kumi na mbili na nusu, nikaishusha.

Sasa jana. Mama mkwe alikuwa Dar kwa matibabu ya macho yake, alifikia Upanga kwa binti yake mkubwa. Alisema atapita kwangu mchana na Glory. Nilivaa fulana ya kubana. Pungufu ya kilo mbili, ndiyo, lakini mimi ni mfanyabiashara, kilo mbili zinaongeleka. Nikashuka kuwapokea, nikambeba Glory kutoka mlango wa chini mpaka ghorofa ya tatu bila kupumzika, mama akiwa nyuma yangu. Nilitaka aone kila ngazi.

"Shikamoo mama," nikasema tulipofika, pumzi ikinipiga chenga.

"Marahaba, baba."

"Nina kilo sitini na nane, mama."

Akakaa, akalegeza kilemba, akanitazama bila haraka. "Naona. Tumbo limefika. Wewe bado."

Glory akaangua kicheko, akanibandika sikio tumboni. "Baba, kuna mtoto humu?" Nami nikacheka. Nadhani nilicheka, sauti ilitoka.

Halafu mama akainuka na kikapu chake cha ndizi, akaenda jikoni. Aneth alipokuwa hai, mama hakuwahi kuingia jikoni kwangu. Alikaa sebuleni kama mkwe, akaletewa, akashukuru. Jana hakuuliza. Nikasikia kabati linafunguliwa, linafungwa. Kisha chuma kikakwaruza sakafu.

"Baba Glory, njoo."

Alikuwa ameuinamisha mtungi wa gesi, ule mkubwa wa kilo kumi na tano, anauyumbisha taratibu kwa mikono miwili kama wanawake wote wanavyofanya kujua gesi imebaki kiasi gani.

"Huu ulijazwa lini?"

"Aliujaza Aneth."

Akausimamisha. Mkono wake ukabaki pale juu, kwenye vumbi.

Tulipokuwa watatu, mtungi haukuwahi kuvuka wiki sita. Huu umekaa miezi kumi na minne. Mimi ninayepima kila kitu, niliyeenda kupima mpaka vyuma vya watu Gerezani, huu sikuwahi kuupima.

Leo nimekaa na swali la kwa nini tangu nilipoamka. Sikumbuki kujiambia kwamba gesi hii ni ya Aneth, isiguswe. Nilikuwa naingia jikoni, nachukua maji, natoka. Chai nanunua. Pengine huko ndiko kuitunza kwenyewe. Sijui.

Mama alifuta jiko kwa pindo la kitenge, akaniomba kiberiti. Sikuwa nacho. Mtu mzima mwenye duka la jumla, nikaenda kugonga kwa jirani kuomba kiberiti. Niliporudi akawasha. Moto wa bluu, mzuri, kana kwamba ulizimwa asubuhi ile. Nikasimama mlangoni nikingojea nihisi kitu. Sikuhisi. Nilisikia tu ule mlio wake wa chini chini, kama mtu anayepumua kwa pua.

Alipika machalari, ndizi na nyama, yale yale ambayo Aneth alikuwa akipika siku za mvua. Akanipakulia sahani iliyojaa, akaketi mbele yangu. Glory akamaliza yake, akaenda kuchezea rimoti. Mimi nilikuwa kijiko cha nne.

"Kula baba. Sikuhesabii."

Alikuwa ananihesabia. Kijiko baada ya kijiko, mikono ameipakata. Mpaka nafika mwisho, mafuta yalikuwa yameganda pembeni mwa sahani. Sikusikia ladha. Lakini nilimaliza, na aliigeuza sahani kidogo kuhakikisha.

Walipokuwa wanavaa viatu nikauliza. Nilitaka kuuliza kwa ukali, kwa haki yangu. Ikatoka ndogo. "Na mtoto, mama?"

"Kilo zako sizijui na wala sitaki kuzijua," akasema. "Mtungi huu ukiisha, nipigie. Nitamleta mwenyewe."

"Mtungi wote?"

"Wote. Na usije ukanifungulia koki usiku gesi ikatokea dirishani. Nakujua wewe na mahesabu yako."

Wazo hilo lilikuwa limeshanipitia. Aliliona, akacheka, na kwa sekunde moja alifanana na Aneth kiasi kwamba nikatazama pembeni.

Asubuhi hii wamepanda basi. Glory kanipungia kwa mikono yote miwili.

Nimerudi, nimeketi, nimepiga hesabu. Mtu mmoja, apike mara mbili kwa siku, chai na mboga na wali: miezi mitatu, au zaidi. Nimekasirika upya. Mwanamke hakuniuliza nina muda gani dukani, wala kama najua kupika. Ameweka tu kipimo chake, na kipimo chenyewe sina pa kukipunguzia. Naweza kumdanganya Side na wapagazi wake. Mizani yangu nimeidanganya mwaka mzima kwa bia. Mtungi haudanganyiki, utaisha tu nikiupikia.

Gym nitaendelea. Grosari nimepita leo, sitaficha. Nimekunywa moja badala ya tatu, na moja hiyo mama hakuikataza.

Halafu nikaenda dukani, nikafungua mlango mdogo, nikachota maharage kilo moja. Katika kila ninachouza, hakuna kinachokula gesi kama maharage makavu ambayo hayakulowekwa. Yanachukua masaa mawili, matatu kwenye moto. Na ninayo magunia mpaka darini.

Nayasikia yanachemka ninapoandika hapa. Nimeonja mara mbili, bado ni mawe. Yakiiva nitakula. Nikishindwa kuyamaliza, kesho nitayapasha moto.

Kupasha nako kunakula gesi.