Kioo Chenye Damu ya Nasieku

Dada Nasieku,

Njia ya Oldonyo Sambu imekauka. Ile ile niliyokukataza kuishika mpaka mvua ziishe, sasa inapitika vizuri kabisa. Na wewe hupo.

Najua hukujifunza kusoma. Ulikuwa ukinicheka nilipotoka shule ya misheni na wino vidoleni. Nakuandikia hivyo hivyo, maana kusema kwa mdomo nimeshindwa.

Unakumbuka siku niliyokuchoma kidole? Ulikuwa umekaa kwenye jiwe nje ya nyumba yako Sekei, bandama limekuvimba chini ya mbavu, pua inatoka damu kila asubuhi. Kwinini ulikuwa umekunywa mpaka ukaichukia. Ukaniuliza, "Umekosa ng'ombe wa kutoa damu, umekuja kwangu?" Nikacheka. Nikaipaka damu yako kwenye vioo viwili, nikaenda navyo bomani, kwenye chumba cha bwana daktari ambako kazi yangu ni kukausha damu za watu na kuzitia rangi, ili yeye azitazame kwa darubini.

Siku ile alikuwa safarini. Nikatazama mwenyewe. Loo! Chembe nyekundu chache, nyeupe zimejaa kioo kizima kama mahindi yaliyoanikwa. Na bwana daktari alikuwa amenifundisha kwamba zile nyeupe ndizo askari wa mwili, ndizo zinazokula ugonjwa. Sikumngoja arudi. Mjinga mimi! Nilikimbia mpaka kwako nikipiga kelele tangu njiani kwamba umepona, kwamba sijawahi kuona mtu mwenye askari wengi kama wewe.

Ulinitazama, ukauliza, "Wengi hivyo, wanakula nini?"

Sote tunajua askari wa boma wakipiga kambi kwa mtu wanaacha nini. Lakini nikakukatisha, nikakwambia unajua nini wewe. Mzigo wako ulikuwa umeshafungwa, uko mlangoni. Ulikuwa unakwenda Oldonyo Sambu kwa yeyo, mama yetu ambaye miguu haimfikishi hata mtoni, akutemee mate ya baraka kichwani. Ulisema akishakubariki, lolote na lije. Nikaufungua mzigo kwa mikono yangu. Nikasema mtu mwenye afya anakimbilia wapi na mvua hizi. Ukanitii, dada, kwa sababu mimi ndiye niliyetazama.

Bwana daktari aliporudi alikiinamia kioo chako. Kisha akanieleza. Wale askari ni wachanga, hawajakomaa, hawajui kupigana. Wanazaliana tu na kujaza nafasi ya damu nyekundu. Dawa hana, hata kwao Ulaya hawana. Akaanza kuwachora kwenye daftari lake, mmoja mmoja, na macho yanamng'aa kama mtu aliyeokota kitu. Siku ile niliuchukia uso wake, haki ya Mungu niliuchukia.

Nikaja kwako mbio tena. Safari hii sikupiga kelele. Mvua ilikuwa inamwagika, njia imekatika, na wewe hata kukaa huwezi. Uliniona usoni, ukajua. Ulisema tu, "Mwambie yeyo nilikuwa nimeshafunga mzigo."

Sasa bwana daktari anataka kuvipeleka vioo vyako Ulaya kwa walimu wake, nao wachunguze kwa nini askari hao hawakui. Pengine ni jambo jema. Sijui. Mimi nimeiba kimoja. Nilikifunga kwenye kitambaa, nikapanda nacho Oldonyo Sambu, nikamweleza yeyo kila kitu, na ule mzigo nilioufungua pia sikumficha. Hakunifokea. Natamani angenifokea.

Aliomba kile kioo. Akakiweka kiganjani, akaniuliza, "Ni yeye?" Nikasema ndiye. Akakitemea mate, mara ya kwanza, mara ya pili, akiita jina lako polepole kama alivyokuwa akituita tukiwa na ng'ombe mbali. Akakisugua kwa kidole gumba mpaka rangi ikatoka, kioo kikabaki cheupe. Halafu akanivuta shingoni, akanipaka kidole kile kwenye paji la uso. Hakusema kama amenisamehe.

Kesho nitamwambia bwana daktari kwamba kioo kimoja nilikichukua mimi na damu yake haipo tena. Akiniandikia viboko, na aandike. Kile kingine kilichobaki, akipeleke. Kazi yake sitaiacha, nitaendelea kutazama damu za watu, ila neno lisilo na hakika halitatoka mdomoni mwangu tena.

Basi, dada yangu, pumzika. Yeyo amekubariki. Nami nakuahidi hivi: mgonjwa yeyote akiniambia amefunga mzigo wa kwenda kwa mama yake, nitaubeba mimi, hata kama mvua inanyesha.

Mdogo wako,
Lomayani