Binti Yako Hatatia Saini

Nyumba ya Pili,
Nyuma ya Posta.
Jumamosi, tarehe 9

Mpendwa mdogo wangu,

Binti yako amekataa kutia saini barua ya kuomba radhi. Kaniambia mwenyewe leo saa tatu asubuhi, akiwa jikoni kwangu anapiga pasi. Nimetanguliza habari hii kwa sababu najua ungeziruka salamu ili uitafute.

Sasa salamu. Hujambo? Goti lako linaendeleaje na zamu za kusimama kutwa wodini? Sisi hatujambo. Sukari yangu imeshuka, daktari karidhika, ila wifi yako bado analificha bakuli la sukari kama nyaraka za serikali.

Ujumbe wako, kwamba asaini, anyamaze na alinde mkataba wake, nilimfikishia neno kwa neno. Jibu lake ni hili: "Mjomba, nisaini kwamba maneno yaliyomo kitabuni hayamo? Mama mwenyewe angesaini?" Nilimwambia swali hilo si langu kujibu.

Kwa kuwa umesikia vipande vipande tu, nakupangia jinsi mambo yalivyokuwa.

Chuoni anakofundisha binti yako kuna somo la falsafa ya Zama za Mwangaza, wakati ule Ulaya iliposema kila binadamu ana akili na haki ya kuitumia. Wanafunzi hawasomi vitabu vyenyewe. Wanasoma kabrasha la kurasa tisini, lililokusanywa zamani na mkuu wa idara na kutolewa nakala mwaka hadi mwaka. Katika ukurasa wa arobaini na moja, bingwa mmoja anaeleza tabia za mataifa, mara maneno yanakatika, vinafuata vitone vitatu, kisha anaendelea na jambo jingine.

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, hapa katikati alisema nini?" Binti yako alijibu kwamba hajui. Alisomeshwa na kabrasha hilohilo, naye akalifundisha miaka mitatu bila kukifungua kitabu. Kosa hilo amelikiri mbele ya darasa zima, na ndilo pekee analolikiri.

Walikwenda maktaba, wote arobaini na wawili, wakakipata kitabu kizima. Katikati bingwa alisema kwamba watu weusi hawana akili ya kufikiri wenyewe, na wakifunzwa kitu, wafunzwe utumishi. Binti yako akayasoma kwa sauti. Wiki iliyofuata akawaletea watu weusi wawili wa karne hiyohiyo. Mmoja alipelekwa Ulaya akiwa mtoto, akaja kufundisha falsafa katika vyuo vyao, kwa Kilatini. Mwingine alitoka utumwani akaandika kitabu cha kudai utumwa ufutwe kabisa. Majina yao utayaona kwenye nakala nitakazoambatanisha. Mimi nina miaka sitini na mmoja na sikuwahi kuyasikia.

Mkuu wa idara alimwita ofisini. Mlango ulikuwa wazi, na karani wake amenithibitishia maneno haya. Mkuu alisema, "Mama, yale yalikuwa makosa ya wakati wake." Binti yako akamuuliza, "Na yule mwalimu mweusi, mzee wangu, yeye aliishi wakati gani?" Kesho yake ikaja barua: ameacha muhtasari, amewadhalilisha waasisi wa somo, asaini kwamba alipotosha wanafunzi, la sivyo mkataba hauongezwi.

Hapo nilifanya ninachokifanya gazetini kwa miaka thelathini na moja sasa: nilikwenda kuangalia. Nyuma ya kitabu kile kuna kadi ya waazimaji. Kabla ya binti yako limo jina moja tu, la mkuu wa idara, miaka ishirini na miwili iliyopita, mwaka aliokusanya kabrasha. Vitone ni vyake.

Nilimwendea nikamwonyesha picha ya kadi. Ni mweusi kama mimi na wewe. Akasema, "Niliposoma mstari ule nilikuwa kijana. Uliniumiza. Sikutaka vijana wangu waumie." Nimekuandikia kama alivyosema. Namwamini. Lakini anayetakiwa kulipia ukimya wake ni mwanao, na hilo silikubali.

Wanafunzi nao hawalikubali. Bwana Wino, yule wa fotokopi mkabala na lango la chuo, kanicheka nilipoomba kabrasha la zamani. "La vitone? Hilo nafungia maandazi, mzee. Watu wanataka lenye maneno yote."

Mdogo wangu, ulitusimulia habari za mgonjwa wa huko ughaibuni aliyekataa mikono yako kwa sababu ya rangi yako. Ulisema ulimwambia, "Basi subiri, nesi wa leo ni mimi." Hukumwomba radhi. Sioni kwa nini unamtaka binti yako afanye usichokifanya wewe.

Gazetini nimejitoa kwenye habari hii, kwa sababu mimi ni mjomba wake. Anaiandika mwenzangu.

Barua hii naipiga picha niitume leo. Karatasi yenyewe na nakala zitafuata kwa posta. Msalimie shemeji na mapacha, na yule jirani yako, mpishi wa hospitalini kwenu anayekuchekesha kazini. Wifi yako anakusalimu sana. Mungu akulinde huko uliko na ayape nguvu magoti yako.

Kikao cha kamati ya chuo itakayosikiliza shauri hili ni Alhamisi tarehe 14, saa nne asubuhi, ukumbi mdogo, na wanafunzi wameruhusiwa kuingia. Binti yako atakupigia siku hiyo saa tatu kamili kwa saa za huku. Pokea, umwambie aingie.

Kaka yako, anayekupenda hata tukibishana,
Mwandishi