Basuni ya Mwisho ya Baba

Karakanani, mlango wa nyuma,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji na wapwa zangu, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Huku hatujambo. Wifi yako anakohoa kidogo, mimi mgongo umeanza kunijibu nikiinama, na Baba ni mzima kuliko sisi sote, jambo ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu.

Picha ya chumba ulichomtayarishia tuliipata. Baba aliitazama kwa makini, akasifu mapazia, akarudi kazini.

Makubaliano unayakumbuka. Aliyasema mwenyewe, shangazi akisikia: akishauza basuni ya mwisho, anafunga karakana, anahamia kwako. Wakati ule zilijaa hadi chini ya kitanda, zile zumari ndefu za mti alizokuwa akizinunua kwa bendi zilizovunjika, zimeoza na zinanuka panya, akazibadilisha pedi za kuzibia matundu, akazipaka mafuta, akaziuza zikiwa zinanguruma vizuri. Moja baada ya nyingine zikaondoka. Ikabaki ile nyekundu, uliyokuwa ukiiita bomba la jiko.

Hiyo ikawa haiuziki. Alikuja mwalimu wa muziki, akapuliza, noti za chini zikatoka kama mtu mwenye mafua. Baba akatikisa kichwa: "Mwalimu, hii bado. Nikikuuzia leo, kesho utanitukana." Akaja mpigaji wa bendi ya polisi, mambo yakawa yale yale, ila safari hii ilivuja kwenye kitufe kingine. Nami jana yake nilikuwa nimeijaribu: niliziba chini, nikavuta hewa kwa mdomo, haikuvuja hata chembe.

Unanijua, si mtu wa kuuliza. Nilichukua rangi ya kucha ya wifi yako, nikadondosha tone kwenye kila skrubu, dogo lisiloonekana kwa macho ya mzee. Skrubu ikizungushwa, rangi inapasuka. Mwezi uliopita, asubuhi ya siku ya kuja mnunuzi mwingine, Baba alitangulia karakanani, eti kufagia. Nilipokagua baadaye, vumbi lilikuwa pale pale na tone moja limepasuka.

Mchana akaja mama mmoja, mpigaji wa okestra, mwenye kicheko cha kujaza chumba. Akapuliza, ikavuja. Baba akaanza na "hii bado" yake. Yule mama akavuta kigoda, akaketi.

"Basi rekebisha, Mzee wangu. Mimi sina haraka."

"Itachukua siku nyingi."

"Nimekuja na chupa yangu ya chai."

Hapo Baba akahangaika kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Mwisho akachukua bisibisi, akaenda moja kwa moja kwenye skrubu ile ile yenye tone lililopasuka, akaizungusha kidogo tu.

"Umejuaje ni hiyo, na hujajaribu hata moja?"

"Uzoefu."

Mama akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Akapiga tena. Dada, sauti ilitoka nzito na laini, hadi vikombe vikaitikia kabatini. Baba akafumba macho. Angetaka kusema bado, lakini kazi ya mikono yake ilishamkana mbele ya watu. Ikauzwa.

Basi akafagia, kweli safari hii. Akatundika aproni. Kesho yake akaketi barazani na shati lake la kusafiria, ananiuliza saa, akikaa kidogo ananiuliza tena. Chakula anakirudisha kama kilivyokuja. Wifi yako akaniambia, "Baba yako yumo humu, ila hayupo." Siku zikaenda hivyo, na mimi barua ya kukupa tarehe ya safari nikawa naianza na kuichana.

Ndipo nikaenda kwa muuza vitu chakavu, nikamuulizia basuni. Alikuwa nazo mbili. Nikachagua iliyooza zaidi. Mti umeliwa na unyevu, skrubu zimeshikana kwa kutu, ndani ya pedi wanaishi wadudu na familia zao. Nikaibeba ndani ya gunia, nikamwambia Baba nimepata mali.

Alinitukana vizuri sana. "Nani alikufundisha kununua, we kichwa maji? Hizi ni kuni! Hayo ni macho au matundu?" Alipofika kwenye matundu, aproni ilishakuwa kiunoni.

Hajui kwamba nilikusudia, na naomba ibaki kwetu wawili. Najua itakuuma, na lawama ni zangu. Ila Dada, usimngoje. Njoo wewe umwone akiwa Baba. Mwenyewe amesema nikuandikie kwamba atakuja hii ikishauzika. Nami nimekuandikia. Leo ameshinda akihangaika na skrubu moja, ikamkatikia ndani, na alikuwa anapiga mluzi.

Msalimie shemeji, na yule binti yako mbishi, na mdogo wake asiyependa kuoga. Shangazi na wifi yako wanakusalimu sana. Mungu awafunike kwa rehema, aliponye na hilo goti.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,
Kitinda Mimba.