Madoa kwenye Nyanya za Mama

Jumapili, 2 Februari 2025

Nimerudi Doha. Mama tumemzika Alhamisi. Mwili uko hapa, moyo umebaki Kericho. Kesho ni kazini, Umm Salal. Angalau nyanya zake zipo — zile ndogo za nyuma ya jikoni kwake, ambazo mbegu zake nilikuja nazo huku nikazipanda zote kazini. Nitakaa nazo nilie vizuri.

Jumatatu, 3 Februari

Hazipo!

Eugene, anayetunza banda letu la utafiti, alinipokea mlangoni akitabasamu. Pole na msiba, madam, banda nimekusafishia. Mimea yote yenye madoa ameing'oa, akaichoma. Hakutaka kunisumbua na maswali matangani. Amebakisha yenye majani safi.

Kwani mkulima gani angefanya vingine? Lakini bakteria wa ugonjwa niliwanyunyiza mwenyewe kwenye majani, makusudi, kwa majaribio, kabla simu ya msiba haijanitoa mbio. Wanatoboa seli ya jani kwa kitu kama sindano, wanapitisha protini ndani, na protini hizo zinazima kengele ya mmea. Mmea haujui umevamiwa. Unabaki kijani, unaoza baadaye. Nyanya za Mama zilizitambua protini zile! Seli iliyodungwa ilijiua pale pale, ugonjwa usiende mbele. Ndiyo madoa. Yalikuwa madoa ya uzima.

Nikamwambia Eugene asante. Nikaenda chooni nikalia hadi kichwa kikauma.

Jumanne, 4 Februari

Nimempigia kaka yangu Kiprono anitafutie mbegu nyingine. Nyanya za nyuma ya jikoni? Dada, pale si ndipo tulifyeka tukaweka meko ya matanga?

Kweli. Na mimi nilikula chakula cha pale. Mama, nisamehe.

Jumatano, 5 Februari

Eugene kaniletea chai. Anauliza kama nimeridhika na kazi yake. Sana, nikasema. Hasira ninayo, tena kubwa! Ila hapa Doha nani mwingine alinifanyia lolote nilipofiwa? Nitamwambia Jumapili, wiki ya kazi ikianza. Leo siwezi.

Alhamisi, 6 Februari

Niko mjini, kwenye foleni ya kitambulisho. Ujumbe wa Eugene: Madam, kuna mche mmoja ulijificha nyuma ya tangi. Ni wa zile nyanya ndogo za kwenu. Umeanza madoa. Usijali, naung'oa saa hii.

Napiga. Hapokei. Napiga tena.

Nimeandika USING'OE. Tiki moja, haujamfikia.

Nimetoka kwenye foleni. Teksi inasema dakika arobaini. Eugene, pokea simu — pokea, ndugu yangu!

Bado tiki moja.