Farasi Asiyekuwemo Kitabuni

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, tena naomba unijibu kabla ya Jumatatu ya tarehe ishirini, kwa sababu siku hiyo fundi cherehani mmoja atakuja shuleni kwetu kunitafuta, na mimi sina pa kujificha maana ofisi ya walimu ina mlango mmoja tu.

Mimi ni mwalimu wa fasihi, huu mwaka wa kumi na moja, na sijawahi kupewa onyo. Mwaka huu tuliletewa riwaya mpya ya kufundisha darasa la mtihani, kurasa mia tatu na kumi na mbili, herufi ndogo kama chawa, na nilikuwa na nia safi kabisa ya kuisoma, hata nikaifunika kwa gazeti isichafuke, lakini shemeji yangu ambaye ni fundi wa simu akaniona nayo akacheka, "Shemeji, unajitesa bure, hiyo si ipo kwenye gemu? Hadithi ni ile ile, ila huku unaiona kwa macho," akaniletea, nikasema nionje kidogo tu nipate picha ya mazingira, na mshauri sitakuficha, likizo nzima iliishia pale sebuleni, mimi ndiye kijana wa kwenye hadithi, nimepanda farasi mweupe, natafuta funguo saba za kumfungulia muuguzi aliyefungiwa na wanajeshi kwenye zahanati ya mpakani, na alikufa mikononi mwangu mara ishirini na tatu kabla sijamtoa akiwa hai, na siku nilipomtoa muziki ulipigwa, maandishi yakatokea HONGERA, na mke wangu ni shahidi kwamba nililia.

Basi shule zilipofunguliwa niliingia darasani nimeiva. Nilimchora farasi ubaoni, tukajadili wiki nzima farasi anawakilisha nini, wanafunzi arobaini na wawili wakaandika insha juu ya farasi, na mkuu wa shule alipita dirishani akasimama kusikiliza. Kisha ukaja mtihani wa majaribio, uliotungwa na walimu wa shule jirani, na swali la nne likasema, "Jadili sababu za kifo cha muuguzi." Darasa zima likanigeukia. Nami, kwa kujiamini kwa mtu aliyemwokoa kwa mikono yake, nikawaambia swali lina makosa, andikeni hivyo hivyo, na arobaini na mmoja wakaandika hivyo hivyo, isipokuwa binti mmoja anayekaa karibu na mlango, yeye akajaza kurasa tatu za kifo, nikampa sifuri, nikaisoma kazi yake kwa sauti ili wenzake wacheke, wakacheka, na tangu siku hiyo wanamwita Muuaji.

Kesho yake akaja ofisini na kitabu, kidole kimeshika ukurasa. "Mwalimu, samahani, hapa." Nikasoma. Muuguzi amekufa, amezikwa, na kijana hakwenda kumfungulia ingawa ufunguo alikuwa nao mfukoni, tena mmoja tu, si saba. Nikapekua mbele na nyuma nikimtafuta hata farasi. Walimu wenzangu walikuwa wanajifanya wanasahihisha madaftari lakini kalamu zote zimesimama, na hapo mdomo wangu ukasema wenyewe, "Hili ni toleo la zamani, binti. Mimi natumia toleo jipya."

Nilidhani yameisha. Kumbe aliniamini. Insha yake ya juzi amemwandika farasi, kurasa mbili, na chini ameongeza, "Mwalimu nisamehe, sikujua kuna toleo jipya. Nitaandika hivi hivi kwenye mtihani kwa sababu nataka kufaulu." Na mama yake, ambaye ndiye huyo fundi cherehani, amezunguka maduka matatu ya vitabu, kila mahali wanamshangaa, na jana akanipigia simu, "Mwalimu, samahani kwa usumbufu, hilo toleo wewe ulilipata wapi? Nikimaliza kushona hizi sare za kwaya, Jumatatu ya tarehe ishirini naacha kazi nakuja, tukalitafute wote, maana mtihani ndiyo huo mwezi ujao."

Mshauri, swali langu ni dogo. Nikimwambia toleo jipya limekwisha madukani, atakubali? Au niombe ruhusa ya ugonjwa?

Ni mimi,
Mwenye Funguo Saba

*

Mwenye Funguo Saba,

Pole sana. Usiipokee wewe, mfikishie mkeo.

Barua yako niliisoma nikicheka mpaka chai ikanimwagikia. Nikafika sehemu ya yule binti, nikaacha kucheka. Nikavaa viatu nikaenda kukinunua hicho kitabu, maana mimi sina shemeji wa kunisomea. Nimekimaliza kwa siku mbili na nusu, kwa miwani yenye mkono mmoja, na wajukuu watatu wananiparamia. Farasi hayumo. Kuna punda ukurasa wa sitini, amebeba maji, na haokoi mtu.

Gemu lenyewe sina ugomvi nalo. Waliolitengeneza walitaka ushinde, ndiyo kazi waliyoifanya, na wewe umeshinda, hongera, umeandikiwa. Mwandishi wa kitabu alikuwa na shida nyingine. Alitaka ukae na yule kijana chini ya ngazi, ukurasa wa mia mbili na themanini, ufunguo mfukoni, akijiambia atakwenda mvua ikikatika. Mlango hauna mlinzi. Hakuna aliyemzuia. Muuguzi anakufa kwa sababu mwanaume mzima aliona aibu watu kumwona anatetemeka. Hilo ndilo jibu la swali la nne, bwana mwalimu. Binti aliliandika, na wewe ukalisoma kwa sauti ili lichekwe.

Sasa unaniuliza kama uongo wa pili utaushikilia wa kwanza usianguke. Na ugonjwa? Utamwambia daktari unaumwa nini, farasi?

Wewe ukidanganya unapoteza usingizi. Yeye akikuamini anapoteza mtihani, na ndiye peke yake darasani mwako aliyekuwa anajua. Umemfundisha kuyaona maandishi kwa macho yake na kuyakana kwa kalamu yake. Hapo sina mzaha na wewe.

Sikiliza. Gazeti hili linatoka Jumamosi. Rudisha hilo gemu kwa shemeji yako leo, kabla ya chakula cha mchana, kisha toa kitabu kwenye hilo gazeti ulilokivalisha, anza ukurasa wa kwanza. Jumapili jioni uwe umemaliza. Muuguzi alikufia mikononi mara ishirini na tatu na hukuchoka, kurasa mia tatu zitakushindaje?

Jumatatu usimngoje fundi cherehani. Nenda wewe kwake, ufike kabla hajakanyaga cherehani, umwambie: "Mama, hakuna toleo jipya. Nilidanganya. Mwanao yuko sahihi." Atakusema. Msikilize umesimama, wala usimkatize kumweleza habari za likizo yako.

Ukitoka hapo nenda darasani. Useme mbele ya wote arobaini na wawili, "Sikusoma kitabu." Maneno mawili. Usiniletee "kulitokea hitilafu". Futa sifuri ya binti, mpe alama zake, uisome ile kazi yake kwa sauti tena, safari hii mpaka mwisho, na atakayecheka atoke nje. Halafu muombe yeye, kama atakubali, awaeleze wenzake sura ile ya chini ya ngazi. Akikataa, ana haki. Siku zote zilizobaki mnasoma sura kwa sura, na Jumamosi mnakuja.

Najua unachoogopa. Si mama wa watu, ni ile ofisi yenye mlango mmoja na kalamu zilizosimama. Unaogopa kuchekwa. Basi nikuondolee wasiwasi: utachekwa. Wenzako watakuita Farasi mpaka siku unayostaafu, na mkuu wa shule naye ataanza.

Wakikuita, itika.