Uji wa Bonge Ale Bonge

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hamjambo huko, wewe na wifi? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Mama magoti yanamsumbua, ila sauti iko palepale. Mimi ni mzima, lakini leo cherehani nimeiacha. Nimekasirika, na nikikasirika sishoni mstari ulionyooka.

Ni habari ya mwanao. Bado tunamwita Bonge, ingawa jina hilo sasa linamsuta. Tangu aachishwe ziwa amekonda mpaka nilipomzungushia tepu yangu mkononi nilirudia mara mbili, nikidhani nimekosea.

Nesi wa kliniki hakututaka tununue makopo ya bei mbaya. Alinifundisha unga wa vitu vya humu humu ndani: mahindi, maharage na karanga, vikaangwe, visagwe pamoja. Uji uwe mzito, utiwe kijiko cha mafuta, anywe kikombe mara tatu kwa siku juu ya chakula chake. Nikakaanga mwenyewe, nikapeleka mashineni mwenyewe.

Sasa sikia. Nikiinamia cherehani tu, Mama anaongeza maji sufuriani, anagawa vikombe sita sawasawa kwa watoto wote wa nyumba. Nimesema, nimenuna, nimeficha unga chini ya vitambaa vya wateja. Akauona. Ananijibu kwa upole unaozidi kunipandisha hasira: "Mtoto hali peke yake wenzake wanamkodolea macho. Baba yake mwenyewe ndiye aliyeagiza."

Na kweli uliagiza. Siku mnaondoka ulisimama mlangoni na begi lako, ukamwambia Mama mwanao asipendelewe, kikipatikana kitu wale wote sawa. Ulijiona umesema la maana. Tangu hapo nikipinga, naonekana shangazi mwenye roho mbaya.

Ijumaa nilimpeleka Bonge kupimwa, na kitinda mimba wangu akang'ang'ania kwenda. Nesi akawaweka wote wawili kwenye mizani. Wangu, ambaye hakuwa na shida yoyote, ameongezeka nusu kilo. Wako hajaongezeka hata kidogo. Wangu humaliza kikombe chake mbio, kisha humsaidia mwenzake kumaliza chake, nami nilikuwa naona ni upendo. Niliona aibu, mdogo wangu, nikashindwa kumtazama nesi usoni. Amenipa wiki mbili, bila mabadiliko Bonge atalazwa.

Kwa hiyo mwandikie Mama. Usipige simu, kwenye simu huitikia kila kitu kisha hufanya lake. Barua yako ataiweka chini ya mto na kuifuata. Mwambie Bonge ale peke yake, mlango umefungwa, na wengine wakilia waachwe walie. Wangu wana nguvu za kulia. Wako siku hizi halii.

Msalimie wifi, lakini usimsomee yote. Mjomba fundi saa anawasalimu. Mungu awatunze, na atutunzie huyu.

Dada yako akupendaye, hata leo.